Chipu zipimwe kwa umeme zinaokula

Oktoba 2004, mjini Orlando, Florida, Craig Barrett alipiga magoti jukwaani mbele ya maelfu ya wataalamu wa kompyuta, akaomba radhi. Barrett alikuwa mkuu wa Intel, kampuni ambayo prosesa zake zilikuwa ndani ya kompyuta nyingi duniani, na siku chache kabla ya hapo kampuni hiyo ilikuwa imefuta Pentium 4 ya gigahatsi 4 iliyokwisha kuahidiwa wateja. Kupiga magoti kulikuwa utani, lakini jambo lenyewe halikuwa la utani hata kidogo. Kwa zaidi ya miaka thelathini kila prosesa mpya ilikuja na mpigo wa haraka kuliko iliyoitangulia, na wateja walishazoea. Pentium 4 iliishia gigahatsi 3.8. Imepita miaka zaidi ya ishirini, na kompyuta bora za madukani bado hazijafika mara mbili ya namba hiyo.

Joto ndilo lililoikwamisha. Chipu hiyo ilikula zaidi ya wati 100 ndani ya kipande cha silikoni chenye sentimita moja ya mraba na ushei. Miaka mitatu kabla, Pat Gelsinger, naye wa Intel, alikuwa amewaonya wahandisi wenzake kwamba mambo yakiendelea vile, haitachukua muda chipu zitoe joto sawa na kinu cha nyuklia kwa kila sentimita ya mraba. Onyo lilikuwa la kweli, na kampuni yake mwenyewe ikaja kulilipia.

Kisa hicho kinafaa kukumbukwa sasa, kwa sababu soko la chipu limerudi kwenye mbio zilezile kwa jina jingine. Muuza simu wa Kariakoo jijini Dar es Salaam au wa Luthuli jijini Nairobi hukutajia gigahatsi, RAM na siku hizi “nanomita 3”. Kampuni za akili unde hushindana kwa idadi ya mahesabu kwa sekunde. Umeme unatajwa mwishoni kabisa, kwa maandishi madogo. Utaratibu huo ugeuzwe. Jambo la kwanza kuulizwa kuhusu chipu yoyote liwe kazi inayofanya kwa kila uniti ya umeme, kwa maana hiyo uniti ndiyo inayolipiwa na mwenye simu, na hiyo ndiyo inayoamua kama nchi itamudu kompyuta inazozitaka.

Kujua kwa nini, inabidi kuiangalia transista kwa karibu.

Transista ni swichi. Umeme hupita kutoka upande mmoja wa silikoni hadi mwingine, na juu ya njia hiyo limekaa lango. Lango likipewa volti, njia inafunguka, likinyimwa, inafungika. Transista ya aina hii, inayojulikana kama MOSFET, ilibuniwa mwaka 1959 katika maabara za Bell nchini Marekani na Mohamed Atalla, mzaliwa wa Port Said nchini Misri, pamoja na Dawon Kahng wa Korea. Mtoto wa Kiafrika anayesoma fizikia angepaswa kulijua jina la Atalla kama anavyolijua la Newton, maana hakuna kifaa cha kielektroniki mfukoni mwake kisichotumia alichobuni.

Kila swichi inapogeuka, lango lake hujazwa chaji kisha humwagwa. Umeme unaopotea hapo hutegemea uwezo wa lango kubeba chaji, idadi ya kugeuka kwa sekunde, na volti. Volti ndiyo mzazi wa gharama, kwa sababu katika hesabu hiyo huzidishwa kwa yenyewe. Ukiishusha kutoka 1 hadi 0.7, umeme wa kugeuza swichi unapungua karibu nusu kabla hujagusa kitu kingine chochote. Mhandisi anayetafuta nafuu huanzia kwenye volti.

Mwaka 1974 Robert Dennard wa IBM, ambaye alikuwa amekwisha kubuni kumbukumbu ya DRAM, alieleza pamoja na wenzake jinsi ya kuipata nafuu hiyo kila mara. Punguza vipimo vyote vya transista na volti yake kwa kiwango kimoja, walisema, na utapata swichi zenye kasi zaidi, nyingi zaidi kwenye eneo lilelile, huku joto la kila sentimita ya mraba likibaki palepale. Gordon Moore ndiye anayesifiwa kila mahali kwa kutabiri mwaka 1965 kwamba idadi ya vijenzi kwenye chipu itaongezeka maradufu kila baada ya muda mfupi. Utabiri wake ulikuwa mzuri, lakini Dennard ndiye aliyeonyesha bili ya umeme italipwaje. Chipu ya Intel 4004 ya mwaka 1971 ilikuwa na transista 2,300. Kama kila transista ya leo ingekula umeme kama zile, hakuna betri wala nyaya za nyumba ambazo zingehimili chipu yenye mabilioni.

Hesabu ya Dennard ilikuja kuvunjika kwa sababu swichi hii haifungi kabisa. Ni kama koki iliyochakaa: umeikaza, na bado inadondosha. Katika joto la kawaida la chumba, maumbile ya elektroni yanadai angalau milivolti 60 kwenye lango ili kuupunguza mkondo mara kumi. Anayetaka mkondo wa swichi iliyofungwa uwe mdogo mara laki moja kuliko wa iliyo wazi anahitaji milivolti 300 kwa kazi hiyo peke yake. Kiwango hicho hakipungui hata transista ikifanywa ndogo namna gani. Volti zilipoikaribia 1 ziligoma kushuka, uvujaji ukapanda, na chipu zikawa zinachoma umeme hata pale ambapo hazina kazi.

Lango nalo lilikuwa linavuja kwa njia yake. Kati yake na silikoni kuna utando wa kuhami, na kufikia miaka hiyo utando huo ulikuwa umekonda hadi nanomita 1.2, unene wa atomi chache tu. Elektroni zilikuwa zinapenya humo moja kwa moja.

Kilichofuata ni ufundi wa hali ya juu, na inasikitisha kwamba haujulikani nje ya wahandisi wenyewe. Mwaka 2003 Intel ilianza kutengeneza chipu ambazo atomi za silikoni katika njia ya mkondo zimevutwa au kubanwa kidogo ili elektroni zipite kwa urahisi zaidi. Kasi ikapatikana bila kuongeza volti. Mwaka 2007 utando wa oksidi ya silikoni, uliotumika tangu enzi za Atalla, uliondolewa na mahali pake pakawekwa utando wenye hafniamu, ambao unaweza kuwa mnene, ukazuia elektroni kupenya, na bado lango likaendelea kuisimamia njia. Kubadili kitu kilichokaa ndani ya kila chipu kwa karibu nusu karne si jambo dogo kwa kiwanda chochote.

Mabadiliko makubwa zaidi, hata hivyo, yalikuwa ya umbo. Chenming Hu, profesa wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, alikuwa ameliona tatizo kutoka mbali. Katikati ya miaka ya 1990, wakala wa utafiti wa jeshi la Marekani, DARPA, uliuliza kama transista zinaweza kufanywa ndogo kuliko nanomita 25, jambo ambalo wengi waliamini haliwezekani. Hu aliandika wazo lake kwa mkono akiwa ndani ya ndege kwenda Japani, na alipofika hotelini akalituma kwa faksi kwa wenzake Berkeley, Jeffrey Bokor na Tsu-Jae King. Wazo lilikuwa hili: uvujaji mbaya unapita chini kabisa, kwenye silikoni iliyo mbali na lango, ambako amri ya lango haifiki. Basi iondoe silikoni hiyo. Isimamishe njia ya mkondo wima kama pezi jembamba, halafu lango lizungushwe pande tatu. Hakuna sehemu ya pezi iliyo mbali na lango, na swichi inafunga vizuri zaidi kwa volti ndogo zaidi.

Timu ya Berkeley ilichapisha matokeo mwishoni mwa miaka ya 1990. Ilichukua zaidi ya miaka kumi kabla kiwanda hakijathubutu. Mei 2011 Intel ilitangaza chipu za mapezi, na mwaka uliofuata zikaingia sokoni. Kampuni ilisema kwamba kwa kasi ileile transista hizo mpya zilihitaji chini ya nusu ya umeme wa zile bapa zilizotangulia. Namba hiyo ina uzito kuliko gigahatsi zote zilizowahi kubandikwa kwenye boksi la kompyuta. Karibu kila simu nzuri iliyouzwa katika miaka kumi iliyopita ina mapezi ya Hu ndani yake.

Kuna waliolijua hili mapema zaidi, na hawakuwa na viwanda vikubwa. Huko Cambridge, Uingereza, kampuni ndogo ya Acorn iliwaachia Sophie Wilson na Steve Furber kazi ya kubuni prosesa. Walikuwa na watu wachache na fedha kidogo. Walitaka chipu ifungwe kwenye kasha la plastiki, lililo rahisi kuliko la kauri, na plastiki haivumilii joto, kwa hiyo chipu ilibidi ile umeme kidogo. Hawakuwa na vifaa vya kukadiria itakula kiasi gani, wakaamua kubana kila mahali. Chipu ya kwanza ilifika mikononi mwao tarehe 26 Aprili 1985 ikiwa na transista 25,000 tu, na ikafanya kazi siku hiyohiyo.

Baadaye Furber aliunganisha ammita ili kupima mkondo. Sindano ilikaa sifuri. Chipu ilikuwa inaendesha programu kama kawaida, lakini ammita ilisema haili chochote. Alipochunguza aligundua kwamba waya wa umeme wa chipu haukuwa umeunganishwa kabisa: prosesa ilikuwa inajiendesha kwa mabaki ya umeme uliokuwa ukiingia kupitia nyaya zake za mawasiliano.

Hiyo ndiyo ARM. Nokia 6110 ya mwaka 1997 ilikuwa miongoni mwa simu za kwanza kuibeba, na vizazi vyake viko ndani ya karibu kila simu janja duniani. Pale M-Pesa ilipoanza Kenya Machi 2007, iliwakuta watu wengi wakiishi mbali na nguzo za umeme, mikononi wakiwa na simu ndogo ambazo betri yake hudumu siku kadhaa. Huduma ile isingesambaa kwa simu za kuchajiwa mchana na usiku. Novemba 2020 Apple ilianza kuiondoa Intel kwenye kompyuta zake, ikaanza kutumia chipu yake ya M1 iliyojengwa juu ya msingi wa ARM, na MacBook Air ya mwaka huo ilikuja haina feni kabisa. Waliotanguliza umeme walikuja kuipata na kasi.

Leo umbo linabadilika tena. Mapezi nayo yameanza kuvuja, na sasa njia ya mkondo inakatwa kuwa vipande bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, huku lango likikizunguka kila kimoja pande zote nne. Samsung ilianza kuzalisha chipu za namna hiyo Juni 2022, na TSMC ya Taiwan, kiwanda kinachotegemewa na Apple na Nvidia, ikafuata mwishoni mwa 2025. TSMC ilipoutangaza utengenezaji wake mpya ilitoa namba mbili ambazo kila mnunuzi angepaswa kuzisoma pamoja: ukilinganisha na kizazi kilichotangulia, mteja anapata kasi zaidi kwa asilimia 10 hadi 15 kwa umeme uleule, au umeme pungufu kwa asilimia 25 hadi 30 kwa kasi ileile.

Neno la kuangalia hapo ni “au”. Ufundi wa transista unaleta nafuu, halafu mtu fulani ofisini anaamua itumikaje. Katika simu, betri inamlazimisha awe mwangalifu. Katika vituo vya data hakuna anayemlazimisha. Chipu ya Nvidia ya A100, iliyotoka mwaka 2020, inakula hadi wati 400. H100 iliyofuata inafika 700. B200 imefika 1,000, sawa na pasi ya nguo iliyowashwa moja kwa moja, na kituo kimoja kinaweza kuwa na maelfu kwa maelfu ya chipu za aina hiyo.

Watetezi wa chipu hizo watajibu kwamba kila kizazi kinafanya kazi nyingi zaidi kwa kila wati, na wanasema kweli. Tatizo lilikwisha kuonekana mwaka 1865, pale William Stanley Jevons alipogundua kuwa mashine bora za mvuke ziliifanya Uingereza ichome makaa mengi zaidi, kwa sababu kila kazi iliyokuwa ghali ikawa rahisi. Shirika la Kimataifa la Nishati linakadiria kwamba vituo vya data vilitumia uniti bilioni 415 hivi mwaka 2024, karibu asilimia 1.5 ya umeme wote wa dunia, na kwamba kufikia 2030 zitakuwa zinakaribia bilioni 945. Ufanisi wa transista peke yake hauwezi kuizuia namba hiyo. Unahitaji mnunuzi anayejua kuuliza.

Kwa Afrika Mashariki suala hili limekwisha kufika mlangoni. Mei 2024 Microsoft na G42 ya Abu Dhabi zilitangaza mpango wa kituo cha data Olkaria, Kenya, kinachotumia jotoardhi, kikianza na megawati 100 na uwezo wa kukua hadi gigawati 1. Mahitaji ya juu kabisa ya umeme ya Kenya nzima ni megawati 2,000 na ushei. Kituo kama hicho kikikomaa kitakula karibu nusu ya kiasi hicho. Jotoardhi ni nishati safi na Kenya ina haki ya kujivunia Olkaria, lakini mvuke unaoingia kwenye chipu hauwashi taa ya shule. Aina ya transista iliyomo ndani ya kituo, na volti itakayoendeshwa nayo, ni jambo la kujadiliwa bungeni kama linavyojadiliwa bwawa au reli.

Mwenye kufikiria kwamba chipu ni mambo ya ng’ambo tu aangalie pia nyaya. Swichi zikishakuwa ndogo, gharama kubwa inahamia kwenye kusafirisha data. Mark Horowitz wa Chuo Kikuu cha Stanford alionyesha mwaka 2014 kwamba kuichukua namba kutoka kwenye kumbukumbu ya nje hula umeme maelfu ya mara kuliko kuijumlisha. Nyaya za ndani ya chipu zimekuwa za shaba tangu IBM ilipoonyesha njia mwaka 1997, na shaba hiyo huvikwa utando mwembamba sana wa tantalamu ili isipenye kwenye silikoni na kuiharibu. Sehemu kubwa ya tantalamu ya dunia hutoka kwenye koltani ya Kongo na Rwanda. Huko Rubaya, Kivu Kaskazini, huchimbwa kwa sururu na koleo kwenye vilima ambavyo tangu 2024 viko mikononi mwa waasi wa M23. Mchimbaji wa Rubaya anayezungumza Kiswahili yumo ndani ya chipu hizi kuliko wengi wanaoziuza, na malipo yake hayalingani na mchango huo.

Na hizo “nanomita 3” za kwenye matangazo? Hazipimi kitu chochote ndani ya chipu. Umbali kutoka lango hadi lango katika transista zinazoitwa za nanomita 3 unazidi nanomita 40. Jina hilo limebaki kuwa lebo ya biashara, na kampuni mbili zinaweza kulitumia kwa vitu viwili tofauti.

Lebo yenye maana inawezekana. Tangu 20 Juni 2025 simu janja na tableti zinazouzwa katika Umoja wa Ulaya zinatakiwa kuwa na lebo ya nishati yenye daraja la A hadi G pamoja na saa ambazo betri inadumu kwa chaji moja. Kenya ina lebo za nyota kwa majokofu na viyoyozi; kuzifikisha kwenye simu na kompyuta ni kuendeleza kanuni ambazo tayari zipo. Tanzania na Uganda zingeweza kufanya hivyo kwa pamoja kupitia viwango vya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ili kampuni inayoleta simu za bei nafuu isikwepe kwa kupitia bandari nyingine.

Kwa vituo vya data sharti liwe kali zaidi. Mwekezaji anayeomba megawati za umma aandike kwenye mkataba namba tatu. Kwanza, kazi inayofanywa kwa kila uniti, ikipimwa kwenye mashine zenyewe zikiwa zimefungwa na kuwashwa, kwa maana namba za kwenye kipeperushi hupimwa katika hali nzuri kuliko zote. Pili, umeme unaotumiwa na vipoza, ambao mara nyingi hufichwa nje ya hesabu ya chipu. Tatu, umeme unaoliwa saa ambazo mashine hazina kazi. Hapo ndipo uvujaji wa transista unapojitokeza kwenye mita, na hapo ndipo chipu mbili zenye kasi moja zinaweza kutofautiana sana.